Salfa Wanaiogopa, Kichupa Hawakiogopi

Ukitaka kujua mkulima wa korosho anaogopa nini, usimuulize. Simama mlangoni kwa ghala la pembejeo umwangalie anavyoondoka na mzigo wake. Mfuko wa kilo 25 wa salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ukungu wa mikorosho, ataufunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, uso ameugeuzia pembeni ili vumbi lisimwingie machoni, na akifika nyumbani hamshiki mtoto kabla ya kunawa. Kile kichupa cha dawa ya wadudu, ile ya maji, anakitia mfuko wa shati. Au anakitumbukiza kwenye kikapu, juu ya sukari na dagaa aliowanunua njiani.

Mimi ni karani wa ghala katika chama cha msingi cha ushirika huku wilaya ya Newala. Nina pia mikorosho yangu, niliyoachiwa na mama. Kuanzia Mei nagawa pembejeo, na korosho zikianza kudondoka napima magunia. Misimu niliyokaa pale mlangoni imenifundisha kwamba wakulima wetu hawakosi kujua kuwa dawa za shambani zina madhara. Wanajua, na watakusimulia wenyewe. Tatizo ni kipimo wanachotumia: pua na macho. Dawa inayowasha wanaiita kali, isiyowasha wanaiita nyepesi. Wanaolazwa kwa sababu ya dawa, kwa niliowaona mimi, wengi waliugua kwa ile nyepesi.

Nianze na salfa, maana kwetu ina heshima yake na haifai kuizungumzia bila kukumbuka ilitufikiaje. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba yao mbali, bei ikawa haimfanyi mtu aamke kwenda kupalilia, halafu ukaja ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Ugonjwa huo ulitambuliwa hapa nchini mwaka 1979. Mama alikuwa akisimulia jinsi walivyosimama chini ya mti uliojaa maua, wakahesabu ada za shule kichwani, na baada ya wiki chache maua yote yakawa meusi na kudondoka. Watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo pale nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndio waliofanya kazi ya kuonyesha kwamba salfa ya unga ikipulizwa mapema inazuia ukungu ule. Mikorosho ikazaa tena. Watu wakaezeka bati.

Kwa hiyo mzee aliyeiona miaka ile huwezi kumwambia salfa ni mbaya akakusikiliza. Nami simwambii hivyo. Nazungumza naye namna ya kuipuliza na nani yuko chini ya upepo.

Upulizaji unaanza miti inapotoa maua, Juni au hata kabla, na ushauri wa wataalamu tuliouzoea ni gramu 250 kwa mti, kila baada ya siku 14, mpaka raundi tano hivi. Kazi inafanywa alfajiri, upepo umelala na majani yana umande, unga upate kushika. Ukiwa kitandani unasikia mashine zinaunguruma shamba hadi shamba. Anayebeba mashine mgongoni mara nyingi ni kijana wa kibarua, na analipwa kwa mti. Hapo pana jambo ambalo watu wengi wanaotufundisha usalama hawalioni: anayelipwa kwa mti hasimami kufunga kitambaa vizuri, hasubiri wingu la unga litulie, hapumziki upepo ukigeuka. Akisimama anapoteza hela. Ukimlaumu kwa uzembe unamwonea. Mwenye shamba ndiye aliyepanga malipo hayo, na mwenye shamba amelala.

Asubuhi wanarudi na nyusi za njano na macho mekundu. Usoni wamejifunga kanga au fulana, na unga mwembamba wa salfa unapita kwenye nguo hizo bila shida. Usiku macho yanawaka, kifua kinakaza. Mwenye pumu hapaswi kabisa kuigusa kazi hii, ila nani anamuuliza kibarua kama ana pumu? Na raundi ya kwanza inaangukia likizo ya Juni, kwa hiyo baadhi ya wanaobeba mifuko na kujaza mashine ni wanafunzi. Hili naliudhikia waziwazi kila mwaka. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anapumua salfa alfajiri nzima ili mtu mzima aokoe shilingi chache, na jioni tunakaa barazani kulalamika kwamba watoto hawasomi.

Pia salfa inawaka moto. Mashine ikitoa cheche, au kijana akiwasha sigara karibu na mfuko, inashika kwa mwali wa buluu na moshi wake unaziba pumzi. Nimewakuta watu wameweka mifuko chumbani, chini ya kitanda, karibu na kibatari. Wanaogopa wezi, na hofu hiyo ni ya kweli, kwa sababu salfa inauzika. Kuna wanaouza mgao wao kwa walanguzi palepale njiani kwa ajili ya unga wa siku hiyo, na kuna wanaoibiwa. Kulala nayo bado ni hatari zaidi. Tangu nianze kuruhusu wakulima wachukue salfa ya raundi moja na kuacha nyingine ghalani kwa stakabadhi, vitanda kadhaa vimepata nafasi. Inaniongezea kazi ya kuandika. Sijutii.

Sasa maji. Anayetoka Dodoma au Mwanza akifika juu huku kwenye uwanda wa Makonde hushangaa: mvua ipo, mito hakuna. Udongo wetu ni mchanga, unameza maji yote, na chemchemi ziko chini bondeni. Zamani kinamama walishuka usiku kwenda kuchota na kupanda na ndoo kichwani. Upo mradi wa maji wa Makonde, na yakikatika kila mtu anategemea maji ya bati: mvua inapiga paa, inapita kwenye mfereji, inaingia kisimani, kile cha kujengea kilichochimbwa uani. Na nyumba zetu zimekaa katikati ya mikorosho.

Kuanzia Juni hadi Septemba kila kinachopulizwa juu ya mikorosho kinashuka pia juu ya mapaa. Salfa unaiona, bati linakuwa la njano. Dawa za maji huzioni, ila matone yake nayo yanapeperuka. Kisha paa linakaa kavu mpaka mvua za mwisho wa Novemba au Desemba, na mvua ya kwanza inasomba yote kwa mara moja. Mama alikuwa na kawaida ya kuutoa mfereji mahali pake msimu ukianza, maji ya mwanzo yamwagike chini, akasema paa linaoga kwanza. Kawaida hiyo imepungua. Mtu aliyenunua ndoo ya maji tangu Agosti anapoona mvua anakimbilia kila tone. Nawaomba wakinamama, wakati wa kuja kupima korosho, waache mvua mbili tatu zipite kabla ya kurudisha mfereji, wafagie paa na mfereji kabla ya hapo, na kisima kiwe na mfuniko msimu mzima wa kupuliza. Hakuna pesa inayotakiwa hapo. Kinatakiwa ujasiri wa kuyaangalia maji yakimwagika nawe una kiu.

Na udongo. Salfa inayodondoka chini haipotei. Vijidudu vya udongoni vinaigeuza kuwa tindikali, na mchanga wa uwanda wetu hauna nguvu ya kuizuia. Watafiti walishapima jambo hili kwenye mashamba ya kusini tangu miaka ya tisini: chini ya mikorosho iliyopulizwa miaka mingi, uchachu wa udongo unapanda. Mkorosho wenyewe unavumilia. Wanaoumia ni kunde, choroko, mahindi na vingine tunavyopanda katikati ya miti, halafu tunasema ardhi imechoka. Mzee mmoja jirani yangu alinieleza siku moja, “Mwanangu, hapa zamani nilikuwa napata kunde za kula mpaka masika mengine. Sasa zinaota, zinakuwa njano, zinakufa.” Aliamini amerogwa na mtu wa mpakani mwake. Tulikaa muda mrefu nikimweleza habari ya tindikali, samadi na chokaa ya shambani. Sijui kama nilimwondolea yote moyoni, ila msimu uliofuata alibeba samadi ya mbuzi kwa toroli na hakumtaja tena yule jirani.

Hayo yote ni ya salfa, ambayo angalau inaogopwa. Kichupa ndicho kinachonikosesha usingizi.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na bustani ya nyanya bondeni. Kiangazi, jua kali, bomba la mgongoni ni la kuazima na lilikuwa linavuja. Alipuliza tangu asubuhi mpaka jua la utosi, shati limelowa dawa na jasho pamoja. Alikula kiporo chake hapohapo kwenye tuta. Mchana aliingia kwangu akijishika ukuta. “Mama mdogo, naona giza.” Jasho lilikuwa linamtiririka kuliko kawaida, mate yanamjaa mdomoni, misuli ya mikono inarukaruka, na mboni za macho zimekuwa ndogo mno. Majirani wakakimbilia kutafuta maziwa. Wengine wakasema atapishwe.

Kwenye zahanati, tabibu aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: amepuliza dawa gani? Hakuna aliyejua. Dawa ilikuwa imenunuliwa ya kupimiwa, imemiminwa kwenye chupa ya soda, haina jina, haina karatasi. Tabibu alilazimika kusoma dalili za mwili. Alituambia zinafanana na zile za dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti, zinazovuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu na misuli, akamwanzishia sindano ya atropini, akavuliwa shati lile lililolowa ambalo sote tulikuwa tumemwachia mwilini njia nzima, akaoshwa kwa sabuni na maji mengi, kisha akapelekwa hospitali ya wilaya. Alipona. Nilikaa naye usiku ule, na alichoniambia alipopata nguvu ya kusema ndicho kilichonifanya niandike haya: “Mbona haikuniwasha hata kidogo?”

Haikumwasha. Dawa za namna ile zinapenya kwenye ngozi bila kuuma, hasa mgongoni, shingoni na kinenani, na jua na jasho vinazisaidia. Mwili unapotoa taarifa, dawa imeshaingia ndani. Zipo nyingine, kama lambda-saihalothrini inayotumika sana kwa wadudu, ambazo zikigusa uso zinaleta ganzi na mchonyoto baada ya muda, na kijana anadhani ni jua. Kipimo cha pua na macho hakifai kwa dawa hizi. Na maziwa? Imani ya maziwa imeenea kila kona, mpaka wapo wanaokunywa asubuhi kabla ya kazi wakiamini wamejikinga. Hayakingi. Yule tabibu aliyakataa mlangoni kabisa, na akatukataza pia kumtapisha mtu aliyezidiwa, maana anaweza kupaliwa na matapishi mapafuni. Vua nguo, osha mwili, beba chupa yenye karatasi yake, kimbia zahanati.

Kwa sababu ya ile chupa ya soda, nilianza kusoma karatasi za dawa kwa sauti pale ghalani. Watu wakiwa kwenye foleni wanasubiri majina yao yaitwe, nachukua kichupa cha dawa inayogawiwa siku hiyo na kusoma maandishi yote. Yameandikwa Kiswahili, lakini kwa herufi ambazo mtu wa miaka sitini hawezi kuziona hata kwa miwani. Wapo pia wasiojua kusoma, na hawatasema mbele za watu. Nawaonyesha utepe wa rangi ulio chini: nyekundu ni sumu kali kupita zote, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye makali madogo. Nawaonyesha zile picha ndogo za glovu, buti na uso uliofunikwa. Nawaonyesha namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wajue kuwa chupa isiyo nayo haina mtu aliyeithibitisha. Na nawasomea siku zinazotakiwa kupita kati ya kupuliza na kuvuna.

Hili la siku za kusubiri ndilo lililozua mjadala mkubwa kuliko yote, na walioliibua ni wanawake. Mwanaume anahesabu siku mpaka korosho. Mwanamke anahesabu mpaka jioni, kwa sababu kisamvu chake kimesimama chini ya mkorosho uleule uliopulizwa alfajiri, na majani ya kunde pia. “Sasa mboga tutachuma wapi, Bi Karani?” Swali halali kabisa, na mimi sikuwa na jibu la karatasini. Walilipata wenyewe: kila nyumba itenge kipande cha mboga mbali na mikorosho, upande upepo unakotoka, na mume atangaze siku moja kabla ya kupuliza ili mboga zichumwe mapema. Familia kadhaa zinafanya hivyo. Nyingine mume hatangazi, kwa sababu ameshazoea kwamba shamba la korosho ni habari yake na jiko ni habari ya mwingine.

Nguo nazo zinafuliwa na huyohuyo mwanamke. Shati na suruali za kupulizia zinaingia beseni moja na nguo za mtoto mchanga, zinasuguliwa kwa mikono mitupu, na mfuaji pengine ni mjamzito. Yeye hajawahi kuingia kwenye semina yoyote ya pembejeo. Semina huwaita “wapulizaji”. Niliwahi kumwambia ofisa mmoja aliyekuja kufundisha kwamba ameacha nje nusu ya watu wanaogusa dawa, akaniambia bajeti ya posho ni ya watu wachache. Basi waitwe wachache, lakini wawili wawili, mpulizaji na mfuaji wa nguo zake.

Kuna jambo la shambani ambalo wazee wanalifahamu kuliko mimi, nami nilikuja kujifunza umuhimu wake nikiwa mtu mzima: majimoto. Wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi na kujenga viota juu ya miti, wakikuuma hutawasahau. Wao ni walinzi wa mkorosho. Wanawawinda mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi machanga mpaka yanakauka, na wanamwinda pia kunguni anayefyonza korosho changa. Watafiti wa Naliendele wamewafanyia kazi, na wakulima wengine hufunga kamba kutoka mti hadi mti ili wavuke kwa urahisi. Ukipuliza dawa ya wadudu, majimoto wanakufa pamoja na mbu. Nyuki nao, ambao maua ya korosho yanawahitaji, wanakufa. Mbu hurudi haraka. Majimoto hawarudi haraka. Mwaka unaofuata unahitaji kichupa kingine, na mwaka wa tatu viwili.

Kinachoniumiza zaidi ni pale dawa inapopulizwa kwa kosa la kutambua. Chipukizi lililofyonzwa na mbu linakauka na kuwa jeusi. Chipukizi lenye blaiti, ugonjwa wa ukungu, nalo linakauka. Kwa mbali yanafanana. Mkulima anaona weusi, anapuliza dawa ya wadudu, ugonjwa unaendelea, anasema dawa ni feki au kipimo ni kidogo, anaongeza, au anachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja ili “moja itashika”. Nimemwona mtu akichanganya kwa kijiti alichochuma hapohapo, kisha kwa kidole. Bwana shamba tunaye, ila kata nzima inamsubiri yeye na pikipiki yake. Ushauri wangu, usio wa kitaalamu, ni kwamba mtu akate tawi lililoathirika alilete ghalani kabla ya kuomba dawa. Tunaliangalia pamoja na wazee, tunalinganisha, na tukishindwa tunalipiga picha na kumtumia bwana shamba kwa simu. Mara nyingi mtu anarudi nyumbani na panga badala ya kichupa, kwa sababu mti umebanana tu. Kupogolea, kukata machipukizi ya ndani ambako ubwiriunga hujificha kabla ya maua, na kuacha hewa na jua vipite kati ya miti kunapunguza ugonjwa pasipo kumuumiza mtu. Tatizo ni kwamba kupogolea ni kazi ya jasho na haigawiwi bure, ilhali siku hizi dawa inakuja kwa ruzuku ya Serikali kupitia Bodi ya Korosho. Mtu akiandikiwa mgao anaona lazima autumie wote, hata shamba lisipodai. Mimi nashukuru kwa ruzuku, imewainua watu ambao wasingeweza kununua hata mfuko mmoja. Lakini kitu cha bure hakimfundishi mtu kupima, na hilo tuliopo mlangoni tunapaswa kulisema kwa sauti.

Ndani ya ghala kwenyewe tulikuwa na shida ileile. Salfa na dawa za maji zilizobaki zilikaa chumba kimoja na magunia ya korosho, kwa kuwa jengo ni moja. Niliipeleka hoja kwenye bodi ya chama, nikajibiwa kwamba korosho ina ganda. Wapangaji wa magunia, ambao ni kinamama na vijana wanaoshinda mle ndani kutwa, hawana ganda. Hoja ilikubaliwa pale wao wenyewe walipoingia kwenye mkutano na kueleza vifua vyao. Tukajenga kibanda cha matofali upande wa pili wa uwanja, chenye kufuli na matundu ya hewa.

Jambo ambalo bado halijapata mwenyewe ni vichupa vitupu. Tunawafundisha watu kusuuza mara tatu na kumimina maji ya kusuuzia ndani ya bomba, kisha kutoboa kitako cha chupa ili isitumike tena. Wengine wanafanya. Wengine wanaona dumu zuri la lita tano linatobolewa na roho inawauma, na baada ya wiki unalikuta lina mafuta ya taa, au uraka, ile pombe ya mabibo, au maji ya kunywa ya watoto wanaokwenda kulinda mpunga bondeni. Wengine wanachoma nyuma ya jiko. Zinazotobolewa tunazikusanya kwenye pipa lililofungwa nyuma ya kile kibanda, na pipa limejaa, na la pili linakaribia kujaa. Gari linaloleta pembejeo kila Mei linashusha mzigo na kurudi Mtwara mjini tupu. Nimeandika ombi kwamba lirudi na chupa zetu, zipelekwe kwa wenye uwezo wa kuziteketeza ipasavyo. Nimejibiwa kwa mdomo kwamba limepokelewa. Mkutano mkuu wa chama utakaa kabla ya mgao ujao, na ombi hilo nimeliweka ajenda ya kwanza, kabla ya mapato na matumizi. Wanachama wa Newala mnaosoma hapa, njooni na vichupa vyenu mkononi, vilivyosuuzwa.